Tiketi gani ya treni ununue ukienda kijiji cha milimani Uswisi mara ya kwanza (nimezipanga kuanzia inayofaa zaidi)

Kila anayepanga safari ya Uswisi anaanza na swali lile lile, eti treni ya Zürich mpaka Interlaken bei gani, na mimi nilianzia hapo hapo ndo maana nikapoteza hela. Njia ya tambarare sio inayokumaliza. Kinachokumaliza ni kile kipande cha kupanda, hasa cha kutoka kijijini kwenda kileleni, kwa hiyo kabla hujanunua kitu jiulize kwanza: nikishafika kijijini nitapanda juu zaidi au nitakaa kibarazani na chai yangu naangalia mlima? Ukishalijibu hilo, kuchagua tiketi inakuwa rahisi.

Mfano wangu ni Wengen, kijiji cha mita 1,274 kwenye jimbo la Bern, gari haliingii kule, unafika kwa treni tu (au kwa miguu kama unajipenda hivyo). Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich mpaka Interlaken Ost ni masaa mawili na kidogo, unabadilisha treni njiani, mara nyingi Bern. Pale unachukua treni ndogo ya Lauterbrunnen kama dakika 20, alafu unahamia treni ya meno, yani chini katikati ya reli kuna reli nyingine yenye meno na treni inajing'ata nayo kupanda, bila hivyo ingeteleza tu. Unaondoka Lauterbrunnen kwenye mita kama 800, kwenye dirisha unaona maporomoko ya Staubbach yanadondoka karibu mita 300, na kabla hujamaliza kupiga picha umefika.

Haya, tiketi sasa.

Namba moja, na siyumbi hapa: kadi ya nusu nauli ya wageni, inaitwa Swiss Half Fare Card. Mwaka 2025 ilikuwa faranga 150 za Uswisi, inadumu mwezi mmoja, na unalipa nusu karibu kila kitu, treni, basi, meli za ziwani, na muhimu kuliko vyote reli nyingi za milimani na kebo za kupanda. Hesabu yake haihitaji kwenda shule: kama nauli zako zote kwa bei kamili zinapita faranga 300, kadi imejilipa. Na usifikiri 300 ni nyingi, maana kwenda na kurudi Jungfraujoch, stesheni ya juu mlimani, peke yake kutoka Interlaken msimu wa joto inapita faranga 200 (ile stesheni iko mita 3,454, ipo toka 1912, na bei yao nao wameiweka juu huko huko). Ukipanda pale mara moja tu umesharudisha faranga 100 na ushee, ukiongeza safari ya kutoka uwanja wa ndege na kurudi tayari upo kwenye faida. Kitu kingine ninachoipendea ni kwamba haikubani. Asubuhi ukiona ukungu umefunika mlima wote unalala tu, hakuna siku uliyolipia inayoungua.

Angalizo, usichanganye na Halbtax ya wenyeji. Ile ni ya mwaka mzima na inajihuisha yenyewe usipoikatisha, kwa hiyo mgeni akiinunua kwa kudhani ndo ile ile, mwaka unaofuata anadaiwa hela ya kadi nyingine wakati yuko zake nyumbani hana hili wala lile.

Namba mbili ni Saver Day Pass, tiketi ya siku moja nchi nzima. Ukiwahi, mwaka 2025 ilianzia faranga 52, na kama una kadi ya nusu nauli ilianzia 29, alafu bei inapanda kadiri siku inavyokaribia, zinaanza kuuzwa miezi sita kabla. Hii nzuri kwa ile siku ndefu ya kutoka uwanja wa ndege mpaka kijijini, kwa sababu safari moja ndefu tu inaweza kuzidi hiyo hela. Ubaya wake ni kwamba siku ukishaichagua ndo hiyo, ndege ikichelewa mpaka kesho yake imekula kwako. Pia toka 2024 kuna ya kufanana nayo inauzwa kwenye ofisi za manispaa, ukiwa na ndugu anayeishi kule muulize, mimi mdogo wangu wa Bern ndo aliyenichukulia na aliniuliza jina langu kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria herufi kwa herufi, nikaona ananiletea urasimu, kumbe tiketi zote hizi zina jina na mkaguzi anaweza kutaka kuona pasi ya kusafiria.

Namba tatu, Swiss Travel Pass. Najua wengi wangeiweka ya kwanza, na mitandaoni kila anayeenda Uswisi anaisifia hiyo. Ni tamu kweli: siku 3, 4, 6, 8 au 15, unaingia treni yoyote ya kawaida, basi, meli, makumbusho zaidi ya 500 bure, hushiki tiketi nyingine. Inakufikisha mpaka Wengen kwenyewe, na Mürren ng'ambo ya bonde, na Zermatt pia. Lakini mwaka 2024 siku 3 zilikuwa faranga 244 daraja la pili na bei zake huwa zinapanda, alafu ukishafika Wengen ukitaka kwenda Jungfraujoch inakupunguzia asilimia 25 tu wakati kadi ya nusu nauli inakupunguzia 50. Unaona tatizo? Mtu wa kijijini unakaa siku tatu sehemu moja, unatembea kwa miguu, unakula jibini, na pasi yako ya kuzunguka nchi nzima inalala mfukoni. Hii mnunulie mtu anayelala Luzern leo, kesho Zermatt, keshokutwa Geneva. Huyo itamfaa sana tena.

Wenye watoto, ombeni Swiss Family Card, haina malipo, na mtoto wa miaka 6 mpaka 15 akiwa na mzazi mwenye Swiss Travel Pass au kadi ya nusu nauli ya wageni anasafiri bure. Wa chini ya sita hana nauli hata hivyo. Hii usiisahau, kuna familia zinawalipia watoto nauli nzima wiki nzima kwa kutojua tu.

Namba nne, pasi za eneo, kama Berner Oberland Pass au Jungfrau Travel Pass. Zina akili kama unakaa siku nne na kuendelea na kila siku unapanda kitu. Ila Jungfrau Travel Pass jina lisikudanganye, kipande cha mwisho cha kwenda Jungfraujoch kwenyewe unaongeza hela. Na uwanja wa ndege pasi hizi hazifiki, kwa hiyo bado unahitaji tiketi ya kuja na kurudi.

Namba tano ni kulipa nauli kamili unapofika. Fanya hivyo kama unaenda mara moja, unarudi, basi. Zipo pia tiketi za Supersaver, zinakupunguzia mpaka asilimia 70 ya nauli, lakini zimefungwa kwenye treni moja ya saa fulani, ukiikosa hiyo hakuna la kuongea.

Ya mwisho kabisa kwa mgeni wa mara ya kwanza ni Glacier Express, ile yenye madirisha mpaka kwenye paa. Sio mbaya. Ila ni kama masaa 8 kutoka Zermatt mpaka St. Moritz, lazima ulipie nafasi juu ya nauli, na kwenye reli zile zile zinapita treni za kawaida ambazo huhitaji kubuku, milima ni ile ile na dirisha unaweza hata kulishusha upigwe na hewa, kwenye baadhi ya mabehewa.

Sasa kitu ambacho tiketi haikuambii. Sisi wa SGR tumezoea namba ya behewa, namba ya kiti, mizigo ikaguliwe, ufike mapema. Kule hakuna geti, hakuna namba ya kiti, unafika dakika tano kabla unaingia unakaa. Raha, lakini behewa linabaki kuwa jukumu lako. Treni ya kutoka Interlaken Ost inakatwa vipande viwili kwenye kistesheni kinaitwa Zweilütschinen, kipande kimoja Lauterbrunnen, kingine Grindelwald. Mimi nimejiachia nimevua na viatu, bibi mmoja mbele yangu akaniuliza "Wengen?" nikatikisa kichwa ndio, akatikisa cha kwake hapana, akanyoosha kidole kwenye kioo cha juu ya mlango kimeandikwa Grindelwald. Nilishuka na begi mkono mmoja na viatu mkono mwingine nikakimbia kwenda behewa la upande wa pili, na yule bibi dirishani anacheka mpaka anafuta machozi.

Tiketi nunua kabla treni haijaondoka, kwenye apu ya SBB (shirika la reli la Uswisi) au mashine ya stesheni, usitegemee kununua kwa mkaguzi ndani. Na kama iko kwenye simu, chaji simu. Mkaguzi anakuja na kamashine kake, anasema "merci", anasoma ule msimbo wa tiketi, anaondoka, ila kioo kikiwa cheusi kwake wewe huna tiketi.