Kozi ya "mifumo salama" iliyoangushwa na ng'ombe

Nilikuja hapa na nyota moja mkononi ya kuipa kozi hii. Ngojeni kwanza nieleze.

Tangazo lilibandikwa karibu na kituo ninaposhukia daladala, hapa hapa Mwanza: jifunze kutengeneza mifumo ya wavuti salama, yenye kanzidata (ghala la taarifa kwenye kompyuta), ya kiwango cha taasisi kubwa. Miezi mitatu, jioni. Mimi natunza kumbukumbu za ushirika wa maziwa kwa daftari na Excel, nikasema hii ndiyo dawa yangu. Nikalipa nusu, nyingine nikaimalizia kwa kujinyima.

Wiki za mwanzo sina neno. Mwalimu PHP (lugha ya kuandikia mifumo ya wavuti) na MySQL (programu ya kanzidata) anazijua, hilo simnyang'anyi.

Kisha ikaja siku ya ng'ombe. Mradi wangu ulikuwa rejista ya mifugo ya wanachama. Kwenye fomu, aina ya mnyama: naandika mbuzi, inaingia. Kondoo, inaingia. Ng'ombe: kosa la sintaksia. Narudia, lile lile. Namwita mwalimu. Anatazama kidogo tu, anasema, "Andika ngombe. Toa hako kadude hapo juu."

Ngombe! Kwenye darasa ambalo nusu yake ni Wasukuma!

Mama mmoja wa dawati la mbele akasema mbona yake imekubali. Kumbe alikuwa anaandika kwa simu, na simu yake huweka ritifaa (ndiko hako kadude ka ng'ombe) ile iliyopinda, ambayo MySQL haina habari nayo. Mwalimu akaufanya huo ndio ushahidi: laptop yangu mbovu.

Usiku ule sikulala. Laptop ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba alitufundisha kuchukua anachoandika mtumiaji na kukiunga moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata. Ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofungua na kufunga maandishi humo, basi kanzidata ikifika kwenye ng'ombe inaona neno limeishia "ng", inabaki inashangaa "ombe" ni mdudu gani. Na kama herufi moja ya ng'ombe inaweza kuivunja amri, mwizi anaweza kuiandika upya kabisa. Tundu hili limeandikwa hadharani tangu mwaka 1998. Nina wapwa waliozaliwa baada ya hapo na wana watoto.

Kipindi kilichofuata nikauliza kwa adabu. "Usalama ni mada ya wiki ya kumi na moja," akanijibu bila kugeuka. Sawa. Nikaenda kwenye mfumo wake wa mfano, pale pa jina la mtumiaji nikaandika admin, ritifaa, na alama ya reli (#), inayoiambia MySQL ipuuze kilichobaki cha amri, nywila ikiwemo. Nywila nikabonyeza upuuzi wowote. Nikaingia kama msimamizi, kwenye projekta, darasa zima linaona.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Wewe umekuja kujifunza au kuiba? Wajuaji kama wewe ndio mnaoharibu darasa." Mbele ya vijana wa umri wa wanangu! Na hayo mambo ya kuiba ndiyo hasa niliyotaka tuyazungumze: TalkTalk, kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza, iliibiwa taarifa za wateja karibu 157,000 mwaka 2015 kwa mlango huu huu, ikatozwa faini ya pauni 400,000. Na sisi tuna sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi, ya mwaka 2022. Ningefungua huo mfumo wa "kiwango cha taasisi kubwa" ushirikani, wa kujibu ningekuwa mimi.

Haya, sasa haki itendeke. Yule binti msaidizi alinifuata kwenye ngazi baada ya kipindi. "Kaka, samahani kwa yale. Njoo nikuoneshe." Dakika kumi tu: unatumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na kanzidata, amri inaandaliwa kwanza ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa thamani, thamani inatumwa baadaye peke yake, haiwezi tena kugeuka amri. Akanionesha na password_hash, amri ya PHP ya kuficha nywila kwa usalama, maana mwalimu nywila alikuwa anazipitisha kwenye MD5, njia ya zamani iliyo rahisi kuvunjwa, wakati PHP ina password_hash tangu 2013. Nikaandika ng'ombe. Ikaingia na ritifaa yake. Nilitaka kulia.

Leo mfumo wa ushirika unafanya kazi, na bila kozi hii nisingefika. Kwa hiyo nilipanda hadi nyota nne, tatu zikiwa za binti. Wiki ya kumi na moja yenyewe? Nusu saa, umeme ukakatika, haikurudiwa.

Nilikuwa nabonyeza nne hivyo hivyo, ndipo juzi nikaenda kuchukua cheti. Jina la ukoo wetu linaanza na Ng'w. Kwenye cheti limeandikwa Ngw. Nikamwambia dada wa mapokezi, akacheka kwa aibu: "Mfumo wetu haukubali hicho kialama, kaka." Kuchapa upya kwa mkono ni elfu ishirini.

Nyota mbili. Zote mbili mpeni yule binti.