GPS ya safari za porini: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mtu anayejiandaa kwenda Ziwa Natron, hifadhi ya Katavi au kuvuka jangwa la Chalbi kwa kawaida huulizia kifaa: kipi kizuri, kinauzwa wapi. Mimi ningeanza na ramani. Chombo chochote kinachosoma setilaiti kitakuonyesha ulipo kwa kukosea mita chache tu, iwe simu ya kawaida au mashine ya bei mbaya. Tofauti inakuja unapotazama kioo: njia unayopita imechorwa, au umesimama katikati ya weupe mtupu? Nimeipanga orodha hii kwa kigezo hicho, nikimlenga mwenye gari la 4x4 anayepita barabara za vumbi, makorongo na mbuga za udongo mweusi.

1. Simu yako, na ramani zilizopakuliwa

Wengi waanzie hapa, na baadhi yao hawatahitaji kingine. GPS haili bando. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, hata ikiwa haina laini. Mtandao unahitajika kuleta ramani tu, nayo unaweza kuipakua ukiwa nyumbani. Programu mbili za simu, OsmAnd na Organic Maps, zote zinatumia ramani za OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichangia. Organic Maps ni nyepesi na ya bure. OsmAnd ina mipangilio mingi zaidi. Toleo lake la bure kwenye Android lina kikomo cha ramani saba, zinazotosha kwa safari ya Afrika Mashariki.

Vijiji vyetu vingi vimo kwenye OpenStreetMap kwa sababu watu wa kujitolea walikaa wakavichora. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, kwa mfano, umekuwa ukifanya kazi hiyo tangu 2015. Udhaifu wake unatoka hapohapo: anayechora kwa kutazama picha ya setilaiti anauona mstari, tope halioni, na njia ya ng'ombe ikitazamwa kutoka juu hufanana na njia ya gari. Kwa hiyo kabla ya kuondoka ifuate njia yako yote kwenye picha ya setilaiti, uweke alama kila panapovuka korongo. Kisha ingia kwenye mipangilio uhakikishe programu haijaambiwa ikwepe barabara zisizo na lami, la sivyo itakuzungusha mbali bila sababu. Google Maps naiweka chini ya hizi mbili. Mjini ni nzuri sana, lakini ukipakua eneo, picha ya setilaiti haiji nalo, na njia nyingi ndogo za vijijini haina.

Ikiwa simu yenyewe bado hujainunua, uliza kama ina dira ndani. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na ukisimama njia panda mshale haujui umeelekea wapi. Kwa tableti kuwa mwangalifu zaidi: iPad ya Wi-Fi pekee, isiyo na sehemu ya laini, haina GPS kabisa. Tenga pia fedha ya kishikio imara na chaja ya gari isiyochomoka kwenye rafu rodi. Kishikio kifunge karibu na tundu la kiyoyozi, maana simu iliyoanikwa juani kwenye dashibodi hupata moto ikajizima. Minara ikiisha, iweke kwenye hali ya ndege. GPS itaendelea kufanya kazi na betri haitamalizwa na kutafuta mtandao.

2. Ramani za Tracks4Africa

Hii ni kampuni ya Afrika Kusini iliyojenga ramani zake kutokana na nyayo za GPS zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe. Mstari ukiwepo, kuna gari lililopita pale. Ramani zao za karatasi huonyesha hata muda wa safari kati ya pointi na pointi, taarifa yenye maana kubwa mahali ambapo kilomita 60 zinaweza kumaliza nusu siku. Zinalipiwa, na mimi naona zinastahili kwa anayekwenda mbali na barabara kuu. Kwa wenye vifaa vya GPS vya Garmin zinauzwa pia kwenye kadi ya memori.

3. Garmin eTrex 22x

Hiki ni kifaa cha GPS cha kushika mkononi. Kioo chake ni kidogo, inchi 2.2, na kukitazama huku unaendesha kunachosha. Lakini kinatumia betri mbili za AA, zile za dukani, kwa takriban saa 25, na hakiogopi mvua wala vumbi. Kilipotoka 2019 bei yake Marekani ilikuwa dola 199.99. Kinamfaa anayeacha gari akaendelea kwa miguu, au anayetaka chombo cha pili simu ikifa. Ndugu yake, 32x, ameongezewa dira na kipimo cha mwinuko.

4. Garmin inReach Mini 2

Usikinunue kwa ajili ya ramani. Kazi yake ni kutuma ujumbe na wito wa dharura kupitia setilaiti 66 za kampuni ya Iridium zinazofunika dunia nzima, na lazima ulipie huduma. Mkiwa magari mawili, nafasi ya nne inakitosha. Ukisafiri na gari moja kwenda North Horr, kaskazini mwa Kenya, au ndani ya Katavi wakati wa mvua, kipandishe hadi nafasi ya pili, kabla ya ramani ya kulipia.

5. Redio ya Android ya dashibodi

Kioo kikubwa, kinavutia. Inapakia OsmAnd kama simu, ila ukishuka huwezi kuibeba, na za bei rahisi huchoka mapema kwa mtikisiko na joto. Inunue ikiwa vilivyotangulia unavyo.

Na ramani za karatasi za serikali

Zile za 1:50,000, za Tanzania na za Kenya, bado ni bora kwa kusoma milima na mabonde. Tatizo ni kwamba zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia mfumo mwingine, WGS84. Ukihamisha pointi bila kubadilisha mfumo, utakuwa umekosea mita 300 hivi, na ng'ambo ya korongo hizo ni nyingi. Garmin unaweza kuiwekea Arc 1960 kwenye mipangilio. Angalia pia namna ya kuandika nyuzi: aliyekupa 2°24.5′ kusini (nyuzi 2 na dakika 24.5) anamaanisha 2.408, na ukiingiza 2.245 gari litaelekea kilomita 18 pembeni. Mwambie anayekutumia pointi aandike kwa desimali, na alama ya kutoa ikae mbele ikiwa pointi iko kusini mwa Ikweta; za Chalbi na North Horr ziko kaskazini, hazina alama hiyo.