Mwaka Mmoja wa Mtumba Tu: Karume, Fundi Cherehani na Friji Lililonishinda

Mwezi Juni mwaka jana niliamua kwamba kwa muda wa miezi 12 sitanunua nguo mpya, viatu vipya wala chombo kipya cha nyumbani, isipokuwa nguo za ndani, ambazo Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku zikiwa za mtumba na ambazo hata bila marufuku hiyo nisingezigusa. Uamuzi huo ulitokana na viroba vitatu vya taka nilivyovitoa siku moja nyumbani kwangu Tabata, ambapo viwili kati yake vilijaa nguo nilizonunua mpya dukani, nyingine zikiwa hazijamaliza hata mwaka. Sasa miezi 12 imetimia. Kwa upande wa nguo nimeridhika kuliko nilivyotarajia, kwa viatu nimeridhika nusu, na kwa vyombo vya umeme nimepata somo lililonigharimu.

Sehemu kubwa ya manunuzi yangu niliifanya katika Soko la Mchikichini, ambalo sisi sote tunaliita Karume, pale Ilala karibu na uwanja wa mpira wenye jina hilo hilo. Soko hili liliteketea kwa moto Januari 2022, na wafanyabiashara wake wakaanza upya. Mnunuzi anayelijia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mambo yote ni vurugu na kelele, lakini baada ya Jumamosi tatu au nne huanza kuona utaratibu wake. Mfanyabiashara hununua robota, au belo kama wanavyoliita wenyewe, ambalo kwa kawaida lina uzito wa kilo 45, na hulinunua bila kuona kilichomo ndani. Linapofunguliwa asubuhi, wenye maduka na wale wanaouza mtandaoni huwa wameshasimama kando wakisubiri kuchagua nguo za gredi ya kwanza, na bei ya saa hiyo ni ya kwao. Kadiri jua linavyopanda, lundo hupungua ubora na bei hushuka, hadi alasiri muuzaji anapopanda juu ya meza na kupiga mnada akipiga makofi: "Buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe!" Mimi nilijifunza kufika kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, wakati wenye maduka wameshaondoka na muuzaji amesharudisha sehemu ya mtaji wake, kwa hiyo ana moyo wa kupunguza.

Nitaeleza shati moja tu kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi yenyewe. Lilikuwa shati jeupe la pamba, la mikono mirefu, ambalo muuzaji alilitajia shilingi 8,000 na mwishowe akaniachia kwa 4,000. Nililitoa kwenye kivuli cha turubai nikalinyoosha juani, kwa kuwa chini ya turubai la buluu kila nguo nyeupe huonekana safi. Makwapani hapakuwa na rangi ya manjano, vifungo vyote vilikuwepo, pamoja na kile cha akiba kinachoshonwa kwa ndani, na mishono ya ubavuni haikuwa imevutika. Ila kola ilikuwa imelika pale inapokunjika, nyuzi zimetoka kama mswaki uliochakaa.

"Dada, hiyo ni gredi ya kwanza, haijavaliwa hata mara tatu," muuzaji aliniambia, huku kidole chake kikiwa kimeifunika kola hiyo hiyo.

Shati hilo nililipeleka kwa mzee mmoja anayeshona barazani karibu na ninapoishi. Baada ya kupokea shikamoo yangu, alilikagua kimyakimya, kisha akasema: "Mwanangu, kola hii haijafa. Imechoka upande mmoja tu." Alichukua wembe, akakata mshono unaoishikilia kola kwenye shingo ya shati, akaitoa nzima, akaipindua na kuirudisha mahali pake kwa cherehani. Kola ina nyuso mbili, na ule wa chini huwa haujaguswa na ndevu, jasho wala msuguano, hivyo ukigeuzwa juu shati huonekana kama limetoka dukani jana. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu saa na nililipa shilingi 2,000. Nimelivaa shati hilo kila wiki tangu Septemba, na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuniuliza habari ya kola yake.

Kwa hesabu ya mazingira, hapo ndipo mtumba unapostahili sifa. Fulana moja ya pamba, kwa makadirio yanayotajwa sana na WWF, shirika la uhifadhi wa mazingira, huhitaji takribani lita 2,700 za maji kuanzia shambani hadi inapokamilika, na maji hayo yalishatumika zamani, iwe nguo hiyo itavaliwa mara tano au mara mia tano. Kila mwaka ninaouongeza kwenye umri wa shati hilo ni mwaka ambao shati jingine halikulazimika kutengenezwa kwa ajili yangu. Lakini sentensi hiyo ina sharti ndani yake, nalo ni kwamba lazima shati la mtumba lichukue nafasi ya shati jipya. Likiwa ni nyongeza tu, hakuna lilichookoa.

Sharti hilo mimi mwenyewe nililivunja. Bei ndogo ina ulevi wake, na mtu anayejihesabu kuwa anatunza mazingira hulewa haraka zaidi, kwa kuwa kila anunuapo hujipongeza. Ilipofika Desemba nilitoa nguo zote kabatini nikazihesabu: nilikuwa nimenunua 31 katika miezi sita, na saba kati ya hizo sikuwa nimezivaa hata mara moja. Mwaka mmoja kabla, nilipokuwa nikinunua nguo mpya, sikuwahi kufika hata nusu ya idadi hiyo. Tangu hapo nilijiwekea kanuni kwamba siendi Karume bila kujua ninakwenda kutafuta nini, na pesa ninayobeba ni ya kitu hicho na nauli. Miezi sita iliyofuata nilinunua nguo tisa.

Jambo jingine nililochelewa kulijua ni kutazama kitambaa chenyewe. Nguo nyingi zinazoingia siku hizi ni za poliesta, nyepesi, zilizoshonwa ili zivaliwe msimu mmoja, na hizo huja kwetu zikiwa zimebakiza maisha mafupi kabla ya kuishia dampo la Pugu Kinyamwezi, mahali ambapo hazitaoza katika maisha yetu. Lebo ikiwa imekatwa, mimi huchomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma kwa kiberiti baada ya kumwomba muuzaji ruhusa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kipande kigumu cheusi. Wauzaji wengine hawapendi zoezi hilo, na mmoja aliniuliza kama nimekuja kununua nguo au kupika. Nguo ikishafika nyumbani huiloweka usiku kucha, nikaifua, nikaianika juani na kuipiga pasi pande zote mbili, kwa sababu ile harufu ya dawa ya kuhifadhia haiondoki kwa kufua mara moja.

Mama yangu ananicheka. Yeye anakumbuka wakati ambapo nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya, yaani mwenye nguo amekufa huko ndipo sisi tukaletewa, na hadi leo ananiuliza kama marehemu alikuwa mnene kama mimi. Pia anakumbuka vitenge na mashuka ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, na katika hilo hacheki. Ninajua kwamba wapo wanaoamini mtumba ulichangia kuviua viwanda vyetu, na mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa hatua kwa hatua, mpango ambao ni Rwanda iliyoushikilia hadi Marekani ikaisimamishia, kwa upande wa mavazi, upendeleo wa AGOA, yaani mpango wa kuuza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, mwaka 2018. Jibu la hoja hiyo silipati kwenye mfuko wangu wa Jumamosi, lakini ndiyo maana khanga na vitenge sivihesabu katika nadhiri yangu: hivyo hununua vipya, vilivyotengenezwa hapa nyumbani.

Kuhusu viatu sitasema mengi. Ngozi ya mtumba ni nzuri kuliko viatu vingi vipya vya bei hiyo hiyo, lakini gundi huzeeka hata kiatu kikiwa hakivaliwi. Raba nilizonunua kwa shilingi 15,000 zilibanduka soli katika wiki ya pili nikiwa Buguruni, nikalazimika kuvuka barabara nikiburuza mguu mmoja. Fundi viatu alizishona kuzunguka pande zote kwa uzi wa nailoni, na zinadumu hadi sasa. Siku hizi nikinunua raba huzipeleka zikashonwe kabla sijazivaa, na gharama hiyo huijumlisha kwenye bei.

Sasa nije kwenye friji, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika haya yote. Mwezi Februari nilinunua friji la mtumba la milango miwili, lililotoka Uingereza, kwa muuzaji ambaye sitamtaja kwa kuwa hakunidanganya kwa lolote nililomuuliza. Kosa langu lilikuwa kutouliza linakula umeme kiasi gani. Lilikuwa safi, liligandisha barafu vizuri, na nilijiona nimeokoa chombo kizima kisitupwe. Baada ya wiki mbili niligundua kwamba uniti za LUKU zinaisha kabla ya siku yake. Jumapili moja nilizima kila kitu nyumbani isipokuwa friji, nikasoma mita usiku na kuisoma tena baada ya saa 24, na nikakuta limekula uniti tatu na ushee. Kwa mwezi hizo ni uniti zaidi ya 90, peke yake, wakati kundi letu la wateja wa matumizi madogo linaishia uniti 75 kwa mwezi, na anayezipita kwa kawaida huhamishiwa bei ya juu. Jirani yangu ana friji jipya dogo ambalo, kwa kipimo hicho hicho, halikufikisha hata uniti moja.

Nilimwita fundi friji. Alivuta droo ya chini, akatazama raba za mlangoni, akapitisha karatasi kati ya mlango na fremu, nayo ikatoka bila kukwama hata kidogo. Baridi ilikuwa ikivuja mchana na usiku, na kompresa haikuwa ikipumzika. Raba mpya za ukubwa ule hazikupatikana, na fundi alisema kwamba hata zikipatikana mashine yenyewe imechoka. Tulikubaliana kwamba achukue kompresa na shaba yake, mimi nibaki na boksi.

Kabla sijaelewa anachofanya, aliukata mrija kwa koleo, na gesi ikatoka ikilia kama chupa ya soda inayofunguliwa taratibu. Bandiko la nyuma lilisema R134a, gramu 130. Gesi hiyo haitoboi tabaka la ozoni kama zile za zamani, lakini kwa kuhifadhi joto angani kilo yake moja ni sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya ukaa, na ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza pale Kigali mwaka 2016. Nilipiga hesabu usiku huo: zile gramu 130 zilikuwa sawa na kuchoma takribani lita 80 za petroli, zilizokwisha katika sekunde chache kwenye ua wangu, na mimi ndiye niliyemwita fundi. Simlaumu, kwa kuwa sikumuuliza kama ana mtungi wa kunyonyea gesi, na yeye naye hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mama wa Tabata angeuliza swali hilo.

Kwa hiyo, mtu akiniomba ushauri, nitamwambia akanunue shati, sketi, jinzi, mashuka, mapazia na kabati la mbao za mninga bila wasiwasi, mradi ana haja navyo na ana fundi. Chombo kinachowaka saa 24 asikinunue kwa sababu ya bei ya sokoni, bali akiwashe mbele ya muuzaji, apitishe karatasi mlangoni, na atazame mwaka wa kutengenezwa. Pasi, feni na redio sina shaka navyo, kwa kuwa huvizima.

Boksi la friji bado liko jikoni. Nimelitoboa matundu mawili nyuma na kuyaziba kwa wavu, na ndani naweka unga, mchele, maharage na sukari, vitu ambavyo zamani vilikuwa vikigombewa na panya wa mtaa mzima. Mlango hauzuii baridi, ila panya unawazuia vizuri sana.