Mashine Yangu ya Pili ya Kujazia Risasi: Furaha ya Wiki Tatu na Simu Moja ya Dharau

Ninaishi Ohio, Marekani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijaza upya maganda ya risasi zangu za shabaha katika chumba cha chini ya nyumba, kwa mashine moja tu, Rock Chucker ya RCBS, ambayo kila ukivuta wenzo hufanya kazi moja. Kwa risasi za bunduki ndefu za .308, ambazo baruti yake huipima ganda kwa ganda kwenye mizani, sijawahi kutamani mashine nyingine. Shida ilikuwa risasi za bastola za milimita 9, kwa maana ganda moja hunipitia mikononi mara nne au tano kabla ya kukamilika. Ndipo nikanunua mashine ya pili, ya kampuni nyingine, yenye bamba linaloshika maganda na kujizungusha lenyewe kutoka kituo kimoja cha kazi hadi kingine, na kutoa risasi iliyokamilika kila wenzo unapovutwa.

Wiki tatu za mwanzo nilifurahi kupita kiasi. Kisha, jioni moja ya majira ya baridi, bamba likaanza kusimama kabla ya kufika kituoni. Kila nilipolisogeza kwa kidole, sikuwa na hakika tena kama ganda lililo mbele yangu limekwisha kupata baruti au bado. Asiyeujua ufundi huu ataona ni jambo dogo, wala si dogo hata kidogo: ganda likikosa baruti, fataki, yaani kile kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa ganda, peke yake yaweza kukisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu kikakwama humo, na anayefyatua ya pili bila kujua anaweza kupasukiwa na mtutu mkononi. Tena baruti ziwakazo upesi hutiwa kidogo sana, hata vipimo viwili vya baadhi yake huenea ndani ya ganda la milimita 9 bila kumwagika, hivyo ganda lililotiwa mara mbili, ambalo nalo ni hatari, laweza kukupita bila kulitambua. Usiku ule nilizifungua risasi zote nilizokuwa nimejaza, zaidi ya mia mbili, moja baada ya nyingine.

Nilipiga simu dukani nilikoinunua. Kabla sijamaliza kueleza, mhudumu aliniuliza kama nilikulia katika nyumba yenye bunduki, kisha akasema mashine hii haiwafai watu wanaojifunza. Sikuwa ninajifunza. Hakuniuliza swali hata moja juu ya bamba, akanieleza tu kwamba nikitaka kuirudisha nitalipa usafiri mwenyewe. Nimeuziwa vitu vibovu maishani, lakini kudharauliwa kwa lafudhi yangu nikiwa ninaulizia usalama wa mikono yangu ni jambo ambalo hadi leo sijalisahau.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa uwanja wa shabaha, ambaye aliishika skrubu ya katikati ya bamba, akaikuta imelegea, akaikaza kwa kiasi, kisha akakaza ile ndogo inayoizuia isijifungue. Hakumaliza hata dakika tano. Tangu hapo mashine haijasimama vibaya, na kwa haki yake lazima nikiri kuwa ni nzuri. Lakini kila nikikumbuka kwamba sentensi moja ya mhudumu yule ingetosha, uzuri huo unanitoka rohoni, na ninajiuliza kwa nini waliounda mashine ya namna hii waliacha usalama wake utegemee skrubu inayolegea.

Kama ningechagua upya, huenda ningechukua mashine ya Dillon RL 550, ambayo bamba lake lenye vituo vinne huzungushwa kwa mkono. Niliikataa kwa kuiona ya polepole. Hata hivyo, ukisahau kulizungusha nayo huweza kutia baruti mara mbili, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ingeniponya na hofu. Kwa sasa nimeibakisha hii yangu, nikafunga kwenye kituo kilichokuwa wazi kifaa cha kukagua kina cha baruti, kinacholia king'ora kipimo kikizidi au kikipungua. Kifaa hicho sikukinunua katika duka lile, wala sitanunua huko hata sanduku la fataki.