Mafuta ya mgando yasiyo na manukato: tumeyatumia kiangazi kizima Lubumbashi
Mwanangu ana ukurutu, na baridi kavu ya kiangazi cha hapa Lubumbashi, Juni na Julai, humpasua ngozi ya viwiko na nyuma ya magoti hadi shuka likabaki na alama za damu. Mafuta haya tumempaka kila jioni mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na muwasho umepungua sana, ingawa yananata na kuchafua nguo. Hayaponyi, kwani ukurutu ni ugonjwa sugu, usioambukiza, unaotulia na kurudi. Ukichachamaa, dawa ya daktari bado inahitajika. Muuzaji mmoja alinisukumia krimu ya kung'arisha ngozi (ajabu kweli!), ilhali baadhi ya krimu hizo huwa na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe zinazoweza kuidhuru ngozi zikitumiwa bila daktari.