Kurekodi simu: kitufe cha ndani ya simu au simu ya pili pembeni?

Watu wengi bado wanasaka apu za kurekodi huko Play Store, mimi nawaambia acheni tu, tangu Android 10 mwaka 2019 apu ya nje haipati sauti ya upande wa pili, na Mei 2022 Google wakaziba hata kile kichochoro zilichokuwa zinapitia. Kwa hiyo zimebaki njia mbili za maana.

Kwanza kitufe kilichokuja na simu yenyewe. Sauti inatoka safi, wote mnasikika, faili linajihifadhi lenyewe, iPhone nao wameweka kuanzia iOS 18.1 (Oktoba 2024) na rekodi inakaa kwenye apu ya Notes. Kasoro yake? Kwenye iPhone, na Android zenye apu ya simu ya Google, sauti inatangaza kabisa kwamba mazungumzo yanarekodiwa, sasa yule anayekudai au unayemdai akisikia hivyo anaanza kuongea kistaarabu ghafla, hahaha. Halafu kuna nchi kitufe hicho hakijawashwa, na simu za WhatsApp hakirekodi.

Njia ya pili weka spika, simu nyingine irekodi pembeni. WhatsApp inanasa, tangazo hakuna, ila jogoo wa jirani na bodaboda wote wamo humo ndani, na uwe na simu mbili.

Mimi nachukua kitufe, spika naiachia WhatsApp. Na hilo la kutokuwa na tangazo lisikudanganye, mwambie mwenzio unamrekodi, nchi nyingine bila ridhaa yake ni kosa.