Taka za mtandaoni kwenye ofisi ya utalii: uzoefu wangu na Gmail, Instagram na WhatsApp

Nina ofisi ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi. Kwa kazi hii barua pepe haifichiki: iko kwenye tovuti, kwenye kadi, hadi ubavuni mwa gari. Kwa hiyo ule ushauri wa "usimpe kila mtu anwani yako" haunisaidii kitu. Ninachotaka ni kichujio cha taka (spam) kinachomtambua mgeni wa kweli anayeandika kutoka Ujerumani na kumweka kando jamaa anayeahidi kuipandisha tovuti yangu hadi ukurasa wa kwanza wa Google. Nitazungumzia zana za bure zilizomo ndani ya Gmail, Instagram na WhatsApp, maana ndizo ninazoshinda nazo.

Gmail naipa alama za juu. Google wanasema wanazuia zaidi ya asilimia 99.9 ya taka, na kwa zile za kijinga, urithi wa marehemu asiye na ndugu au dawa za nguvu, sibishi: sizioni mpaka nizifuate kwenye folda yake. Nafuu nyingine ilikuja Februari 2024, Google na Yahoo walipowabana watumaji wakubwa. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda akaunti za Gmail lazima athibitishe kuwa kikoa anachotumia, yaani sehemu ya anwani iliyo baada ya @, ni chake, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye matangazo yake, na asiache malalamiko ya wapokeaji yafike asilimia 0.3. Hicho kiwango kinapimwa kwa vitufe tunavyobonyeza sisi. Ndiyo maana sifuti taka kimyakimya, naripoti.

Lakini siripoti kila kitu, na hapa naona wengi wanachanganya. Jarida la hoteli niliyojisajili mwenyewe si taka hata kama limenichosha. Hilo najiondoa, kwa kitufe ambacho Gmail inakiweka juu kabisa, pembeni ya jina la mtumaji. Barua ya mtu nisiyemjua naripoti, na kile kiungo cha kujiondoa kilichoandikwa chini kwa herufi ndogo sikigusi. Ukikibofya, unamhakikishia tapeli kwamba anwani ina mtu anayeisoma, na anwani hai ina bei kuliko iliyokufa. Kwa sababu hiyohiyo nimeweka mipangilio iulize kwanza kabla ya kuonyesha picha zinazotoka nje, kwa kuwa kijipicha kisichoonekana kwa macho kinatosha kumjulisha mtumaji kwamba umefungua. Na bando nalo linapumua.

Sasa tuje kwenye upande unaogusa mfuko. Hakuna kichujio kisichokosea, na kwa mfanyabiashara kosa baya si taka iliyoponyoka bali mteja aliyetupwa jalalani. Barua zilizomo kwenye folda ya taka za Gmail hufutika zenyewe baada ya siku 30, kwa hiyo mgeni wa watu sita anaweza kukaa humo hadi aende kwa jirani. Dawa niliyoipenda ni kutengeneza kichujio changu mwenyewe: barua yoyote yenye neno Machame, Lemosho, Marangu au Rongai isipelekwe kwenye taka kamwe. Chaguo hilo limo kwenye mipangilio ya vichujio. Nisingeshauri kutumia neno "Kilimanjaro", kwa sababu wauza huduma za tovuti wanalichota kwenye jina la kampuni na kulipachika kila mahali. Majina ya njia za mlimani hawayajui.

Hilo limekuwa pia kipimo changu cha kuwatambua watalii hewa. Mgeni wa kweli anauliza mambo ya kuudhi: baridi ya usiku kwenye kambi ya Barafu, mpishi anaweza kumpikia asiyekula ngano, wapagazi wanalipwa kiasi gani. Mtalii hewa ana kundi la watu wanane, tarehe zozote zinamfaa, hajali njia, na sentensi yake ya pili ni kama unapokea kadi ya benki. Baadaye atataka "kulipa" zaidi ya bei kwa kadi, kisha akuombe ile ziada umtumie wakala wake. Kadi huwa ya wizi. Benki ikirudisha malipo kwa mwenye kadi, wewe unabaki na pengo. Mimi hujibu kwa swali moja tu, njia gani na kwa nini, na wengi wao huishia hapo.

Kuna barua zinazojifanya zimetoka kwenye mitandao ya kuuzia vyumba na safari, eti mteja amelalamika, ingia hapa ujibu. Kwa hizo Gmail ina chaguo la kuonyesha barua asilia, ambalo linakupa matokeo ya SPF, DKIM na DMARC, njia tatu za kuthibitisha kikoa kilichotuma. Zikiwa zimefeli, na jina la mtumaji ni kampuni kubwa, nimemaliza kazi. Zikifaulu, tulia kidogo, kwa sababu kufaulu kunathibitisha kikoa kilichotuma tu, hakuthibitishi uaminifu wa mwenye kikoa. Tapeli akinunua kikoa chake mwenyewe kinachofanana na cha kampuni, atafaulu zote tatu. Bado lazima usome kilicho baada ya alama ya @, herufi kwa herufi.

Kitu kingine kidogo kilichonifurahisha ni alama ya kujumlisha. Kama anwani yako ni jina@gmail.com, ukiandika jina+maonyesho@gmail.com barua inakufikia vilevile. Nilijiandikisha kwa mtindo huo kwenye maonyesho fulani ya biashara, na matangazo ya mikopo yalipoanza kumiminika kwenye anwani hiyohiyo, sikuhitaji mpelelezi. Ila baadhi ya fomu zinaikataa alama hiyo, na mtumaji mjanja anaweza kuikata.

Instagram ni vita nyingine. Ukiposti picha ya wageni kileleni Uhuru, komenti za kwanza ni za wale wanaosema "tutumie tukuposti", zikifuatiwa na Freemason na mganga anayerudisha mpenzi kwa saa chache. Kilichosaidia ni Maneno Yaliyofichwa (Hidden Words), kipengele kilichokuja 2021, ambacho kinakuruhusu kuweka orodha ya maneno yako. Orodha yangu ina freemason, mganga, mkopo bila dhamana, na namna zao zote za kuandika kwa kuchanganya namba na herufi. Kazi haiishi, kila wiki kuna tahajia mpya, lakini ukurasa umekuwa na sura ya ofisi. Ujumbe wa ndani unaodai kutoka Meta, wenye Instagram, kwamba akaunti itafungwa kwa sababu ya hakimiliki, nauripoti bila kufungua kiungo. Naipa nusu alama.

WhatsApp nimebadilisha kitu kimoja chenye faida kubwa: ni watu waliomo kwenye orodha yangu ya namba tu wanaoweza kuniingiza kwenye makundi. Yale makundi ya sarafu za kidijitali na ya kazi za kubofya "like" ulipwe yamekoma. Kipengele cha kunyamazisha simu za namba ngeni, kilicholetwa 2023, nimekizima, maana kwangu namba ngeni ya +49, ya Ujerumani, ndiyo mshahara. Mama watoto amekiwasha na hana habari na mtu. Mjue pia kwamba ukimripoti mtu, WhatsApp hupokea hadi meseji tano za mwisho alizokutumia, kwa hiyo ukiripoti ripoti kweli, siyo kwa hasira za ugomvi wa kikundi.

Meseji za kawaida zenyewe ndizo dhaifu kuliko zote. "Ile hela tuma kwenye namba hii" bado inaingia. Naipeleka 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyotuma. Mara mojamoja napiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA.

Mtaniuliza kuhusu programu zinazojitolea kusafisha kikasha chako bure. Unroll.me ilikuwa maarufu sana kwa kazi hiyo. 2017 ikajulikana kwamba kampuni mama, Slice, ilikuwa ikiuza taarifa zilizotolewa kwenye barua za watumiaji, na 2019 ikafikia maafikiano na FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, kuhusu jinsi ilivyowaeleza watu. Kwenye kikasha changu kuna pasi za kusafiria za wageni na fomu zao za afya. Programu inayotaka kusoma yote hayo ili tu iniondolee matangazo ya viatu, siifungulii mlango.